Siku Nel Alipokaa Mstarini

Mbwa wetu Nel alimwangusha mume wangu Idwal asubuhi moja ya mwezi wa Machi, kwenye mlango wa nyuma, juu ya lile jiwe la kukanyagia ambalo kila mwaka tunasema tutalitengeneza. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga mayai. Nilisikia mlango ukifunguka, nikasikia kucha za mbwa zikikwaruza sakafu, kisha kishindo, na baada ya kishindo kimya. Kile kimya ndicho kilichonitoa mbio.

Nilimkuta Idwal amekaa kwenye matope, ameukumbatia mkono wake wa kushoto kama mtu aliyebeba kifaranga. Nel alikuwa ameshafika kwenye ukuta wa mawe mwisho wa bustani, amegeuka, amerudi, na sasa alikuwa anamlamba masikio.

"Usimgombeze," Idwal aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Hakukusudia."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika. Miezi sita kabla ya hapo Idwal alikuwa amepata kiharusi, na tangu wakati huo mguu wake wa kushoto unaburuta kidogo. Hawezi kupita mlangoni bila kushika kitu. Kwa mtu kama huyo, kuanguka si jambo dogo, na sote tulilijua hilo.

Binti yetu Lowri alitukuta hospitali bado amevaa kitambulisho cha kazini shingoni. Alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akamfunika vizuri blanketi miguuni, kisha akanigeukia.

"Mama, yule mbwa arudi shambani."

"Lowri, ni mtoto yule. Ana miezi kumi na sita tu."

"Ana nguvu za ndama. Leo ni mkono, kesho ni nyonga. Na Cadi simleti tena kwenu mpaka mbwa aondoke. Nimesema."

Cadi ni mjukuu wetu, ana miaka mitatu. Jumamosi zote alikuwa wetu.

Idwal alikuwa amelala amefumba macho, tukadhani dawa imemchukua. Kumbe alikuwa anasikiliza. Huyo Nel ni mbwa wake yeye. Mkulima mmoja wa huko juu milimani alimpa bure, pamoja na mfuko wa chakula, kwa sababu Nel hakuwakusanya kondoo, aliwakimbiza mpaka wakaingia mtoni. Idwal alimleta nyumbani ndani ya koti lake. Alipougua na mguu wake ukakataa, ikawa mimi ndiye ninayempeleka Nel kwenye mafunzo ya kuruka vizuizi kila Jumatano, kwa sababu mbwa wa namna ile asipopewa kazi hujitafutia mwenyewe.

"Mpe mpaka mashindano ya Juni," Idwal alisema, macho bado yamefumba. "Mama yako ameshamwandikisha. Raundi mbili. Akikaa mstarini mbele ya mbwa mia wanaobweka, atakaa na mlangoni. Asipokaa, nitamrudisha shambani mimi mwenyewe."

"Baba, hata kuendesha gari huwezi."

"Basi utanipeleka wewe, na utafurahi njia nzima."

Lowri alicheka bila kutaka. Halafu akafuta macho. "Akikaa hata raundi moja," alisema, "anabaki. Asipokaa, hakuna kunililia."

Tukakubaliana hivyo, na mimi nikabeba jambo lile kifuani kwa miezi mitatu.

Kukaa mstarini ni jambo dogo la kuelezea na gumu la kufanya. Unamvua mbwa kamba na ukanda wa shingo. Unamketisha mbele ya kizuizi cha kwanza. Unamwacha, unatembea mbele, unapita kizuizi cha kwanza, cha pili, kama una ujasiri hata cha tatu, kisha unageuka na kumpa neno la ruhusa. Neno letu lilikuwa "Twende." Mbwa akiondoka kabla ya neno, anakuwa mbele yako, hajui njia, anaingia handaki la kitambaa asilotakiwa, anapanda daraja la mbao kwa upande usio wake, na wewe unabaki unapiga kelele kama mtu aliyeibiwa mkoba. Mbwa watulivu hawasumbui katika hili. Nel hakuwa mtulivu. Akiona kile kizuizi cha kwanza anatetemeka kuanzia mkiani, na meno yanagongana kama ana homa.

"Eirwen," mwalimu wetu Meinir alikuwa ananiambia, "mbwa wako ana injini ya trekta kwenye mwili wa baiskeli."

"Na breki je?"

"Breki hawakumwekea. Tutazichonga sisi."

Meinir ni mwanamke mwenye sauti inayosikika kijiji cha pili, lakini nimemwona mara nyingi akiinama kuondoa jiwe dogo mchangani kabla ya mbwa wa mtu mwingine kupita. Alinifundisha kumlipa Nel kwa kukaa. Namketisha, narudi nyuma hatua moja, namrudia, nampa kipande cha jibini. Hatua mbili, jibini. Kisha kumi. Alinipa sheria moja, akanifanya niirudie kwa sauti: mbwa akitoka kabla ya neno, mchezo umekwisha. Usikimbie naye hata hatua tatu. Mfunge kamba, mshukuru mwamuzi, toka uwanjani.

"Ukikimbia naye umemlipa kwa kukuibia," alisema. "Hata ukiwa umelipa ada, hata ukiwa umeamka alfajiri, hata kama mama mkwe wako anatazama. Unatoka."

Nilifanya mazoezi kila siku kwenye uwanja wa jirani yetu, ambaye aliwahamisha kondoo wake bila kuombwa, akasema tu majani ya upande ule yamechoka. Hayakuwa yamechoka. Niliweka vizuizi vitatu vya mifagio. Siku nyingine Nel alikaa kama sanamu. Siku nyingine aliondoka kabla sijamaliza kugeuka, akanipita kama upepo wa mlango, akazunguka uwanja mzima kwa furaha na kurudi kunitazama kana kwamba anasema, umeona?

Nikaanza kuandika kwenye kalenda ya jikoni. Siku ya mvua, alikaa. Siku ya baridi na ukungu, alikaa. Siku ya jua, alitoka. Siku ya jua tena, alitoka mara nne. Kwenye banda la mafunzo Jumatano, mahali ambapo baridi haiishi hata Mei, alikaa karibu kila mara.

"Jua linampandisha kichwani," nilimwambia Idwal.

"Mimi pia," alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, mkono umefungwa plasta, Nel amelaza kidevu juu ya kiatu chake. Ndani ya nyumba yule mbwa alikuwa mpole kwake ajabu. Idwal akiangusha kijiko, Nel alikiokota na kukiweka mapajani mwake. Mlango tu ndio uliotushinda. Kila mara Idwal alipotaka kutoka, ilibidi nimfungie Nel chumba kingine kwanza, na yeye Idwal alisimama pale koridoni akisubiri nimalize, kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Jumamosi zilipita bila Cadi. Lowri alipiga simu, alikuwa mpole, alinionyesha mtoto kwenye simu. Cadi aliuliza, "Bibi, Nel bado mbaya?" Nilimwambia Nel anajifunza.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumapili ya katikati ya Juni, na jua liliwaka tangu asubuhi. Nilipofungua pazia niliikumbuka kalenda.

Tulifika mapema. Uwanja ulikuwa tayari umejaa mahema, viti vya kukunja, vizimba vya mbwa vilivyofunikwa shuka nyeupe kuzuia joto. Kila upande mbwa wanabweka. Lowri alikuja kwa gari lake mwenyewe, akamshusha baba yake kutoka kwenye gari langu, akamtafutia kivuli kwenye hema la klabu yetu, akamwekea mto mgongoni. Cadi alikuwa amemwacha nyumbani na baba wa mtoto.

"Ulikula, Mama?" aliniuliza.

"Siwezi kula."

Alinipa nusu ya mkate wake wa zabibu wenye siagi na akasimama pale mpaka nilipoumaliza. Nasema hivi kwa sababu baadaye mtu anaweza kudhani Lowri ana moyo mgumu. Hana. Aliogopa tu, na woga wake ulikuwa wa haki.

Raundi ya kwanza ilikuwa saa tano kasoro robo. Kwenye foleni ya kuingia, bwana mmoja mwenye mbwa mzee wa kahawia alimtazama Nel akirukaruka na kupiga kelele, akaniambia, "Pita mbele yangu. Huyu wako kila dakika anapanda moto, wangu amelala." Nilimshukuru. Msichana wa mlangoni akachukua kamba yangu, akasema, "Pumua, mpenzi. Ni mchezo."

Kwangu haukuwa mchezo, lakini nilipumua.

Nilikuwa nimevaa fulana ya klabu, ya mikono mifupi. Nikamketisha Nel. Alitetemeka. Nikamwambia, "Kaa," nikaondoka bila kutazama nyuma, kama nilivyofundishwa. Kizuizi cha kwanza. Cha pili. Nikasimama, nikageuka, na kabla neno halijatoka Nel alikuwa hewani. Alinipita. Niliona kivuli chake kwenye majani.

Njia ilikuwa nyepesi ile. Nilijua kabisa kwamba nikikimbia naye naweza kumwelekeza, na huenda tungemaliza bila kosa. Lakini nilisimama. Nikamwita jina mara moja, akaja akiwa amechanganyikiwa, masikio nyuma. Nikamfunga kamba aliyoniletea yule msichana. Nikamwambia mwamuzi, "Asante sana." Mwamuzi, mzee mwenye kofia ya majani, aliinamisha kichwa kunipa heshima. Watu waliokuwa kando ya kamba ya uwanja walipiga makofi madogo, ya wanaojua.

Lowri hakuwa anajua. Alisubiri mpaka nilipokaa.

"Hiyo ni moja, Mama."

"Najua."

"Mbona hukumwacha amalize? Alikuwa anaruka vizuri."

"Angekuwa amenidanganya, halafu nampa zawadi."

Lowri alitazama ule uwanja. "Sawa," alisema. "Hilo nimelielewa."

Meinir alikuja na simu yake. Alikuwa amepiga picha ya video. Alinivuta nyuma ya gari lake, mbali na kelele, na uso wake haukuwa wa utani.

"Nataka utazame kitu. Usimtazame mbwa. Jitazame wewe."

Akaicheza polepole. Nikajiona, bibi mfupi mwenye nywele nyeupe na magoti mekundu, natembea, nasimama, nageuka. Mkono wangu wa kulia ukapanda mpaka usawa wa bega, vidole vimenyooka, unaelekea kwenye kizuizi. Mbwa akatoka. Halafu, baada ya mbwa kutoka, mdomo wangu ukafunguka kusema neno ambalo halikuhitajika tena.

"Rudisha," nilisema.

Akarudisha. Mkono, mbwa, mdomo. Akarudisha tena. Mkono, mbwa, mdomo.

"Hatoki kabla ya ruhusa," Meinir alisema. "Anatoka kwenye ruhusa. Umemfundisha kwamba ruhusa ni mkono. Miezi hii yote mkono wako umekuwa unaondoka nusu sekunde kabla ya neno. Sote tuna ugonjwa huu kwenye mchezo huu, tunaongea kwa mikono na kudhani tunaongea kwa mdomo. Lakini kwako sikuuona, kwa sababu kule bandani—"

"Kule bandani navaa koti."

"Mikono mfukoni, kwenye jibini. Ndiyo. Na mimi nilikuwa namtazama mbwa. Kosa langu pia hilo, Eirwen."

Kalenda yangu ya jikoni ikafunguka kichwani. Mvua, koti, alikaa. Ukungu, koti, alikaa. Jua, mikono wazi, alitoka. Halikuwa jua.

Nilitaka kufurahi. Meinir alikuwa anafurahi tayari, ananiambia jinsi ya kufanya raundi ya pili, shika pindo la fulana kwa mikono yote miwili, usiachie mpaka neno limetoka. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Lakini kitu kilikuwa kinanijia polepole kutoka chini, kama maji baridi yanayoingia kwenye buti.

Nyumbani pia nilimfundisha Nel kukaa mlangoni. Namketisha, nafungua mlango, naonyesha bustani kwa mkono, nasema twende. Kila asubuhi. Na Idwal, ambaye hawezi kushuka lile jiwe bila kushika kitu, hufungua mlango kisha huinua mkono wake wa kulia mpaka usawa wa bega, ili ashike mwimo, ule mti wa kando ya mlango.

Nel alikuwa ameketi asubuhi ile. Idwal alituambia hivyo hospitali, kwamba mbwa alikuwa ameketi vizuri kabisa, halafu ghafla. Tulidhani ni maneno ya mtu anayempenda mbwa wake.

"Umepauka," Meinir alisema. "Kaa chini."

"Ni jua," nilimwambia. Nilidanganya.

Raundi ya pili ilikuwa saa tisa. Muda wote ule nilikaa pale hemani. Idwal alinipa chai kutoka kwenye chupa, akanishika goti. "Hata akitoka tena," alisema chini kwa chini, "umefanya ulivyoweza. Usijiumize." Nilishindwa kumtazama.

Nilijua nifanyeje ili Nel akae. Nilijua pia kwamba akikaa, Lowri atatimiza neno lake na mbwa atabaki, na Jumamosi Cadi atakuja. Hakuna mtu atakayejua. Nilijiambia kwamba nyumbani nitarekebisha polepole, mikono mfukoni, wiki mbili, wiki tatu, na Idwal nitamwambia ashike mwimo kwa namna nyingine. Mtu akitaka kitu sana hujijibu haraka.

Tuliingia. Nikamketisha. Nikashika pindo la fulana kwa ngumi mbili kama mtoto anayeogopa mvua, nikatembea. Kizuizi cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nikageuka. Nel alikuwa pale pale, mbali, mdogo, anatetemeka, macho yake yamenigandia. Alisubiri. Mbwa wa uwanja wa pili alibweka, mtu akapiga filimbi, Nel akasubiri. Nilihesabu mpaka tatu ili Lowri aone.

"Twende."

Alikuja kama maji ya mlimani. Tukaenda pamoja, handaki, ukuta, zile fimbo kumi na mbili ambazo mbwa anapenya huku na huku kama uzi wa kushonea, akaikosa fimbo moja mwishoni na akaangusha mti wa kizuizi cha kumi na nne. Sikujali. Watu walishangilia. Meinir alisikika mpaka kijiji cha tatu.

Lowri alikuwa amesimama. Alinikumbatia, na nilisikia harufu ya siagi na marashi yake. "Umeshinda, Mama," alisema. "Abaki. Amekaa. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba akae, unaamini?"

"Naamini."

"Jumamosi nitamleta Cadi. Atafurahi huyo, hatalala."

Idwal alikuwa analia na kucheka pamoja, kama anavyofanya tangu augue. Nel nilikuwa nimemketisha kando ya kiti chake, kamba imezungushwa kwenye kiganja changu. Idwal alitaka kusimama ampongeze. Aliinua mkono wake wa kulia kushika nguzo ya hema.

Nel aliruka mbele. Kamba ilinivuta bega mpaka nikapiga hatua. Hakumgusa Idwal, kwa sababu ya kamba tu. Kisha akageuka akanitazama, mkia unacheza, akisubiri jibini lake.

Lowri alikuwa ameinama anakunja blanketi. Hakuona. Idwal hakuelewa alichokiona. Ni mimi peke yangu niliyejua.

"Lowri," nilisema. "Weka hilo blanketi. Kaa."

"Nini?"

"Kaa, mwanangu."

Nikawaambia wote wawili. Nilimwomba Meinir alete simu, nikawaonyesha. Mkono, mbwa, mdomo. Kisha nikamwambia Idwal ainue mkono wake tena, taratibu, huku mimi nimemshika Nel kwa mikono miwili, na Nel akajirusha kifuani mwangu.

Kwenye hema la jirani watu walikuwa wanacheka kitu kingine.

"Kwa hiyo aliyemwangusha Baba ni wewe," Lowri alisema.

"Lowri," Idwal alisema.

"Hapana, Baba, acha. Miezi mitatu namchukia mbwa. Miezi mitatu namnyima mtoto bibi yake. Na saa hizi, Mama, ulijua tangu saa ngapi?"

"Tangu saa sita."

"Na ukaingia uwanjani. Ukasimama pale na fulana yako. Ukamsubirisha ili nione."

"Ndiyo."

Uso wa Lowri ulikuwa mwekundu. Idwal ndiye aliyeingilia, kwa namna yake.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia toka," alisema. "Yeye akatii. Na watu wote mnamwita mkaidi. Mbwa pekee anayenisikiliza kwenye nyumba ile."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Nikamgeukia Meinir. Nilimwuliza kama anaweza kukaa na Nel kwake, kuanzia leo, mpaka mkono usiwe na maana yoyote. Nilisema harufu ya nyumba yetu, mlango wetu, mimi mwenyewe, vyote vinamkumbusha. Niliyasema haraka kabla sijabadili nia.

"Mbwa wangu anakwenda wapi?" Idwal alisema.

"Nampokea," Meinir alisema. "Lakini siwaahidi kitu. Kilichoingia kwa miezi hutoka kwa miezi. Wiki nane, labda zaidi. Na kuna jambo jingine. Mkono ninaotaka kumfundisha si wangu. Ni wako, Idwal. Itabidi uje. Unasimama kwenye mlango wa banda langu, unainua mkono, mimi nampa Nel jibini kwa kukaa. Mara mia."

"Nitamleta," nilisema.

Meinir alisita. Alinishika kiwiko. "Wewe usije, Eirwen. Kwa sasa. Akikuona wewe, atatazama mkono wako."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikaa kwenye kiti. Nel aliweka kidevu gotini kwangu, bado anasubiri alipwe kwa kazi yake nzuri, nikampa kipande cha mwisho kilichokuwa mfukoni, kwa sababu kweli alikuwa amefanya kazi nzuri, siku nzima.

Lowri alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa anakunja lile blanketi mara ya pili, na lilikuwa limeshakunjwa.

"Jumatano saa ngapi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Saa kumi," Meinir alisema.

"Natoka kazini saa tisa na nusu. Nitamchukua Baba." Akageuka kwa Meinir, si kwangu. "Huyu mbwa anakula mara ngapi? Mama humchanganyia maji ya moto kwenye chakula asubuhi, vinginevyo hagusi. Nani atakukumbusha?"

Sikujua kwamba Lowri alijua hilo.

Tulimsindikiza Nel mpaka kwenye gari la Meinir. Aliruka ndani mwenyewe, akajizungusha mara mbili, akalala, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu hakujua. Idwal aliegemea bega la Lowri, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Mlango ukafungwa.

Idwal alirudi nami katika gari langu. Kondoo walikuwa wamelala kando ya barabara kwenye joto la lami. Karibu na daraja aliniuliza, "Uliniambia kwa nini? Alikuwa ameshashinda."

"Uliinua mkono," nilisema.

Alifikiri. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye gia, akakiacha pale, nikaendesha hivyo hivyo vibaya.

Gari la Lowri lilikuwa nyuma yetu. Kwenye njia panda nilitazama kwenye kioo, nikitarajia taa yake ya kugeukia iwake upande wa njia ya kwake. Haikuwaka. Alitufuata mpaka nyumbani, akamsaidia baba yake kupanda lile jiwe, akaingia jikoni, akaweka birika juu ya moto, akatoa vikombe vitatu. Hakusema nami neno mpaka kikombe cha pili, na alipozungumza alisema tu kwamba jiwe lile litengenezwe wiki hii, atamleta fundi yeye mwenyewe.